Dawa ya Kushusha Kolesteroli Huchukua Muda Gani Kufanya Kazi?

Mada iliyotolewa kwa wananchi katika mazungumzo ya elimu kwa watumiaji wa dawa

Mada yetu ya leo imetokana na ziara ya mzee mmoja aliyefika ofisini kwetu akiwa na mfuko mdogo mweusi mkononi. Tulipokwisha kumwamkia na kumpa kiti, alitoa pakiti ya vidonge, akaiweka mezani na kusema: "Wanangu, dawa hii ni bandia. Nimeinywa siku kumi na mbili na mwili uko vile vile."

Tuliipokea pakiti ile na kuikagua kama tunavyokagua kila lalamiko linaloletwa kwetu. Dawa ilikuwa atorvastatini ya miligramu 20. Namba ya usajili, namba ya toleo, jina la kiwanda na tarehe ya mwisho wa matumizi vyote vililingana na kumbukumbu. Ilikuwa dawa halali. Kasoro haikuwa kwenye kidonge. Ilikuwa kwenye mazungumzo ambayo hayakufanyika siku mzee alipoandikiwa dawa. Hakuna aliyemweleza kwamba dawa hiyo ina kalenda yake, wala kwamba hata itakapofanya kazi vizuri kabisa, yeye hatahisi chochote. Alikuwa akisubiri dalili isiyokuja. Alipochoka kuisubiri aliacha vidonge, akanunua chupa ya dawa ya maji iliyoahidi "kusafisha mishipa kwa siku saba".

Mzee huyu si wa pekee. Wako wengi wanaoacha dawa hizi kwa sababu hawaoni tofauti, na wengine wanaoziacha kwa sababu wameiona tofauti na kudhani safari imekwisha. Wote wawili wanapoteza fedha waliyokwisha kuitumia na kinga waliyokwisha kuanza kuijenga. Ndiyo maana leo tunataka kujibu swali moja kwa ukamilifu: dawa ya kushusha kolesteroli huchukua muda gani kufanya kazi?

Maradhi yasiyouma

Kolesteroli, ambayo wengi huiita lehemu, si sumu. Mwili unaihitaji ili kujenga kuta za seli, kutengeneza baadhi ya homoni na kutengeneza nyongo inayosaga mafuta ya chakula. Sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa katika ini. Nyingine hutoka katika chakula. Kwa kuwa ni mafuta na haichanganyiki na damu, husafirishwa ndani ya vifurushi vidogo. Kifurushi kinachotuhusu zaidi leo huandikwa LDL katika karatasi ya majibu ya maabara. Vifurushi hivyo vikizidi, baadhi hupenya ndani ya kuta za mishipa ya damu na kukaa humo, na polepole hujengeka utando mzito unaoubana mshipa. Siku utando ule ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia. Njia hiyo ikiwa ni ya moyo, mtu hupata mshtuko wa moyo. Ikiwa ni ya ubongo, hupata kiharusi.

Ujenzi huo huchukua miaka mingi, pengine makumi ya miaka, na katika muda wote huo hakuna panapouma. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Ndivyo mishipa inavyoharibika, kwa kidogo kidogo kisichostua mtu. Sasa, kama maradhi yenyewe hayahisiki, nafuu yake nayo itahisikaje? Sisi tumezoea dawa zinazojitangaza. Dawa mseto ya malaria hushusha homa ndani ya siku mbili au tatu, na dawa ya maumivu ya kichwa hatuisubiri hata saa mbili. Mtu aliyelelewa na dawa za namna hiyo akipewa kidonge cha kolesteroli, hukipima kwa kipimo kile kile, na hapo ndipo anapopotea. Kwa dawa hii, mwili wa mgonjwa si shahidi. Shahidi ni maabara.

Siku, wiki na miaka

Dawa zinazotumika zaidi kushusha kolesteroli ni za kundi la statini. Katika maduka yetu mtakutana na simvastatini, atorvastatini na rosuvastatini. Kwenye pakiti majina haya huandikwa bila herufi "i" ya mwisho. Shirika la Afya Duniani liliiingiza simvastatini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2007.

Statini hufanya kazi katika ini. Huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengenezea kolesteroli. Ini likiona akiba yake inapungua, hufungua milango mingi zaidi juu ya seli zake na kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Kwa hiyo kinachoshusha kolesteroli ya damu ni ini lenyewe. Kidonge hulilazimisha tu lichukue kile lililokuwa likikiacha kizunguke.

Kazi hiyo huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Ndani ya siku chache tangu kidonge cha kwanza, LDL huanza kushuka. Baada ya wiki mbili, sehemu kubwa ya mshuko utakaopatikana kwa kipimo kile cha dawa huwa imekwisha kupatikana. Kati ya wiki ya nne na ya sita, dawa huwa imefika mwisho wa uwezo wake, na kuanzia hapo LDL hutulia katika kiwango kipya maadamu mtu anaendelea kunywa. Ndiyo sababu madaktari huagiza damu ipimwe tena kati ya wiki ya 4 na ya 12 tangu kuanza dawa au kubadilisha kipimo chake. Anayepima siku ya tano anajisumbua bure, na anayekaa mwaka mzima bila kupima anatembea gizani.

Itashuka kwa kiasi gani? Hutegemea dawa na kipimo. Kipimo cha wastani hushusha LDL kwa asilimia 30 hadi 49. Kipimo kikubwa hushusha kwa asilimia 50 au zaidi. Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Ukizidisha kipimo cha statini mara mbili, hupati mshuko mara mbili. Unapata nyongeza ya takriban asilimia 6 tu. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na kipimo cha mwanzo. Kwa hiyo anayejiongezea vidonge nyumbani ili "ifanye haraka" hapati haraka yoyote. Anachojiongezea kwa hakika ni uwezekano wa madhara. Daktari akiona LDL haijafika panapotakiwa, anaweza kuongeza dawa ya pili, kama vile ezetimibi, ambayo hupunguza kolesteroli inayonyonywa kupitia utumbo, na ambayo nayo hufikia uwezo wake ndani ya wiki mbili hivi.

Hadi hapa tumezungumza juu ya namba kwenye karatasi. Lakini hakuna anayekunywa dawa kwa ajili ya karatasi. Tunakunywa ili moyo usisimame na mkono usipooze, na kalenda ya jambo hilo ni ndefu zaidi. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika katika nchi za Ulaya ya Kaskazini. Wagonjwa 4,444 wa moyo waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa simvastatini, jingine vidonge vinavyofanana navyo visivyo na dawa, na walifuatiliwa kwa miaka 5 na zaidi kidogo. Katika mwaka wa kwanza tofauti ya vifo kati ya makundi hayo ilikuwa haijajitokeza wazi. Kisha njia zao zikaanza kuachana, na kila mwaka uliopita ukazidi kuzitenganisha. Mwishoni, waliokuwa wamefariki katika kundi lisilo na dawa walikuwa 256. Katika kundi la dawa walikuwa 182.

Mwaka 2010 watafiti waliunganisha takwimu za majaribio 26 yenye washiriki wapatao 170,000. Walikuta kwamba LDL inaposhuka kwa milimoli 1 kwa lita, hatari ya matukio makubwa ya moyo na mishipa hupungua kwa takriban moja ya tano. Upungufu huo ni mdogo katika mwaka wa kwanza na huwa mkubwa zaidi katika miaka inayofuata. Kwa mtu ambaye amekwisha kupata mshtuko wa moyo, faida ya kipimo kikubwa inaweza kuanza kuonekana mapema zaidi, katika miezi ya mwanzo, na kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo huanzishiwa dawa kabla hajatoka hospitalini.

Basi jibu la swali letu lina ngazi tatu. Katika ini, dawa hufanya kazi kwa siku. Katika karatasi ya maabara, kwa wiki nne hadi sita. Katika maisha ya mtu, kwa miaka.

Soma karatasi yako kwa makini

Kwa kuwa maabara ndiyo shahidi, ni lazima tuielewe lugha yake. Hapa nchini mtakutana na vipimo vya aina mbili. Maabara nyingine huandika kolesteroli kwa milimoli kwa lita (mmol/L), nyingine kwa miligramu kwa desilita (mg/dL). Milimoli 1 kwa lita ya kolesteroli ni sawa na miligramu 38.7 hivi kwa desilita.

Chukulieni mtu aliyepima mara ya kwanza akapata LDL ya 4.2. Baada ya wiki sita za dawa anapima katika maabara nyingine na kusomewa 97. Asiyejua atashika kichwa na kusema dawa imemwongezea maradhi mara ishirini. Kumbe ile 4.2 ilikuwa milimoli, ambayo ni kama miligramu 162, na hii 97 ni miligramu, ambayo ni kama milimoli 2.5. LDL yake imeshuka kwa asilimia 40. Dawa imefanya kazi barabara, naye yuko njiani kwenda kuitupa.

Tunawashauri mambo matatu. Kwanza, kila mara pima katika maabara ile ile inapowezekana. Pili, soma herufi zinazofuata namba, wala si namba peke yake. Tatu, tunza karatasi zako zote katika bahasha moja na uende nayo kila unapomwona daktari. Karatasi ya kabla ya kuanza dawa ni muhimu kuliko zote, kwa sababu bila hiyo hakuna wa kujua umetoka wapi.

Kwa nini haishuki?

Wapo ambao hufika wiki ya nane na LDL bado iko juu. Kabla ya kuituhumu dawa, tuulizane maswali haya.

Je, imenywewa kila siku? Tunajua hali za watu. Dawa ya mwezi mzima ina gharama, na mtu hununua vidonge kumi, akavinywa, akakaa wiki mbili akitafuta fedha za vingine kumi. Lakini mtu akiacha statini, LDL hurudi ilikokuwa ndani ya wiki chache, hivyo anayekunywa kwa kurukaruka hupanda na kushuka ngazi ile ile bila kufika juu. Ikiwa gharama ni tatizo, mwambieni daktari au mfamasia waziwazi, bila kuona haya. Mara nyingi ipo dawa ile ile, yenye jina jingine la biashara na bei nafuu, ambayo imesajiliwa na kukaguliwa kwa vigezo vile vile. Kubadilisha jina la biashara kwa ushauri wa mfamasia ni bora kuliko kukatiza dawa.

Je, imenywewa kwa wakati wake? Simvastatini haikai mwilini muda mrefu, na ini hutengeneza kolesteroli nyingi zaidi usiku; kwa hiyo hunywewa jioni. Atorvastatini na rosuvastatini hukaa muda mrefu, na mtu anaweza kuchagua saa yoyote mradi asiibadilishe kila siku. Kwa kuwa zote hunywewa mara moja tu kwa siku, mfungo wa Ramadhani si sababu ya kuziacha: mfungaji anaweza kunywa baada ya kufuturu. Ukisahau kidonge cha jana, endelea na cha leo. Usinywe viwili kwa pamoja.

Je, kuna dawa au chakula kinachogombana nayo? Rifampicini, inayotumika kutibu kifua kikuu, inaweza kupunguza kiasi cha baadhi ya statini mwilini. Nyingine hufanya kinyume chake na kukiongeza hadi cha hatari: antibiotiki za klarithromicini na erithromicini, dawa za fangasi za itrakonazoli na ketokonazoli, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hasa zile zenye ritonaviri. Anayetumia amlodipini kwa ajili ya shinikizo la damu hatakiwi kuzidisha miligramu 20 za simvastatini kwa siku. Juisi ya balungi kwa wingi nayo huongeza simvastatini na atorvastatini katika damu. Kwa hiyo mwoneshe mfamasia dawa zako zote, zikiwemo zile unazoona haya kuzitaja. Siri ya mgonjwa ni amana kwake.

Je, chakula kimebadilika? Dawa haikupewa ruhusa ya kuendelea na samli, nyama yenye mafuta na chipsi za kila jioni. Mafuta ya mawese na ya nazi, ambayo ni sehemu ya mapishi yetu tangu zamani, nayo yana mafuta mengi ya aina inayopandisha LDL. Hatusemi mchuzi wa nazi ufukuzwe nyumbani, tunasema usiwe wa kila mlo. Na mwisho, zipo hali kama kisukari kisichodhibitiwa, maradhi ya figo au udhaifu wa tezi ya shingo, ambazo huharibu hesabu. Hizo ni kazi ya daktari kuzitafuta.

Maumivu na hofu ya maumivu

Lalamiko tunalolisikia zaidi kuhusu statini ni maumivu ya misuli. Hatuwezi kulipuuza, wala hatutaki kulikuza. Statini zinaweza kweli kuumiza misuli, na mara chache sana kuiharibu. Mtu akipata maumivu makali ya misuli au udhaifu usio wa kawaida, mkojo ukawa na rangi ya chai iliyokolea, au macho yakawa ya manjano, aache kungoja na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mjamzito, anayenyonyesha au anayetarajia kupata ujauzito amweleze daktari mapema, kwa sababu wengi wao hushauriwa kusimamisha dawa hizi. Statini pia zinaweza kupandisha sukari kidogo, hasa kwa aliyekuwa karibu na kisukari. Kwa walio wengi wanaozihitaji, faida kwa moyo huzidi hatari hiyo.

Lakini si kila maumivu yanayokuja baada ya dawa yameletwa na dawa. Mwaka 2020 watafiti wa London walichapisha jaribio la watu 60 ambao wote walikuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Kila mmoja alipewa chupa za mwaka mzima: miezi minne statini, miezi minne vidonge visivyo na dawa, na miezi minne chupa tupu, kwa mpangilio uliochanganywa. Hawakuweza kutambua ni mwezi upi wana dawa na upi wana kidonge kisicho na dawa. Kila siku walijaza kiwango cha maudhi yao kati ya 0 na 100. Miezi ya chupa tupu, wastani ulikuwa 8. Miezi ya statini, 16. Na miezi ya kidonge kisicho na dawa? 15.

Watu hawa hawakuwa waongo. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Ila sehemu kubwa yake ilitokana na kitendo cha kunywa kidonge huku mtu akitarajia kuumia. Walipooneshwa matokeo yao wenyewe, nusu yao walirudi kwenye dawa. Tunachojifunza ni hiki: ukihisi maumivu, usinyamaze na usijiachishe. Rudi kwa daktari, naye anaweza kusimamisha dawa kwa muda, kupunguza kipimo au kubadilisha statini. Na ukidhani dawa imekudhuru, mwombe mtoa huduma ajaze fomu ya taarifa ya madhara ya dawa. Taarifa hizo ndizo zinazotuwezesha kujua dawa inavyokwenda baada ya kutoka kiwandani.

Ahadi ya siku saba

Turudi kwenye ile chupa ya mzee. Lebo yake haikuwa na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato wala namba ya toleo. Ilichokuwa nacho ni ahadi. Tumeeleza kwamba utando wa mishipa hujengeka kwa miaka. Hakuna kinywaji kinachouondoa kwa wiki moja, na anayeahidi hivyo ama hajui anachokisema, ama anajua sana.

Hatusemi hivi kwa kuidharau mitishamba. Statini zenyewe zilitoka katika viumbe vya asili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, na wenzake walichunguza maelfu ya aina za kuvu hadi wakakipata kiini cha kwanza cha kundi hili katika kuvu wa jamii ya penisilia. Statini ya kwanza kuidhinishwa kuuzwa, lovastatini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Kati ya ugunduzi na idhini ilipita zaidi ya miaka kumi ya kupima kiasi, usalama na matokeo. Hadi leo upo mchele uliochachushwa kwa hamira nyekundu, unaouzwa kama kirutubisho, ambao huwa na kemikali ile ile ya lovastatini, ila kiasi chake hubadilika kutoka bidhaa moja hadi nyingine. Anayeutumia pamoja na statini ya hospitali anakunywa dawa ya namna moja mara mbili bila kujua. Tofauti kati ya dawa na ahadi, basi, si shamba na kiwanda. Tofauti ni kwamba dawa imepimwa, kiasi chake kinajulikana, na yuko mtu anayewajibika kwayo.

Kwa hiyo, unaponunua dawa ya kolesteroli, nenda famasi iliyosajiliwa ukiwa na cheti cha daktari. Angalia kwamba pakiti haijafunguliwa, kwamba jina la dawa na kipimo chake vinalingana na cheti, na kwamba namba ya toleo na tarehe vinasomeka. Dai risiti. Nyumbani, itunze ndani ya pakiti yake mahali pakavu pasipo joto kali. Si juu ya friji, si karibu na jiko, si ndani ya gari. Ukiwa na shaka, tuletee kama mzee alivyofanya. Alikosea kuhusu dawa, lakini hakukosea kuuliza.

Siku mzee aliporudi

Tulimweleza mzee haya yote, tukamwomba arudi kwa daktari wake kabla ya kuamua lolote. Alirudi, akaanza upya, na baada ya wiki sita alikuja tena ofisini akiwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilisomeka 4.6, ya pili 2.7, zote kwa milimoli. Alikuwa na furaha, nasi tulifurahi pamoja naye. Kisha akauliza: "Sasa nimepona. Niache?"

Swali hilo linastahili heshima, kwa sababu kila mtu mwenye akili timamu angeliuliza. Tulimjibu kwa mfano wa mtumbwi unaovuja. Aliyemo hukumba maji na kuyamwaga nje, na mtumbwi hukaa juu. Anapotazama chini na kuona sakafu imekauka, asiseme mtumbwi hauvuji tena. Sakafu ni kavu kwa sababu mkono wake haujapumzika. Ile 2.7 si ushahidi kwamba dawa haihitajiki. Ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Akiiacha, wiki chache zijazo karatasi itasomeka kama ya kwanza, na tena hatahisi chochote.

Hatuwezi kumwahidi mzee huyo, wala yeyote kati yenu, kwamba akinywa dawa hatapata kiharusi. Hakuna dawa yenye ahadi hiyo. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba hatari hupungua, na kwamba huzidi kupungua kadiri miaka inavyopita kwa anayedumu. Huenda kwa wengine ikafika siku daktari akasema dawa ipunguzwe au isimamishwe, kwa sababu ya umri, maradhi mengine au hali mpya. Uamuzi huo ufanywe mezani, mkiwa wawili, karatasi zikiwa mbele yenu.

Ndugu wananchi, mkitoka hapa mkakumbuka jambo moja tu, liwe hili: siku mtakapoandikiwa dawa, msiondoke kabla ya kuuliza, "Itafanya kazi baada ya muda gani, na nitajuaje kwamba imefanya?" Swali hilo halina malipo, na mtoa huduma ana wajibu wa kulijibu. Lau mzee wetu angelijibiwa siku ile ya kwanza, asingelipoteza fedha zake kwenye chupa, wala wiki zake kwenye shaka.

Sasa tuko tayari kupokea maswali yenu.